Kabati la Vitu Vilivyokataliwa Kupanda Ndege

Siku Mama Mabegi alipokutana na Mzee Nailoni, alikuwa na hasira kifuani na mkasi mkononi, vitu viwili ambavyo havifai kwenda pamoja popote, sembuse kwenye ndege.

Mkaguzi alikuwa ameutoa mkasi ule kwenye mkoba wake, akaugeuza mara mbili, akamrudishia. "Huu hauingii, dada. Ungeuweka kwenye begi la kupakia chini."

"Begi la chini limeshakwenda."

"Basi uuache, au ubaki nao."

Ulikuwa mkasi wa kukatia ngozi, mzito, wa chuma cha zamani. Mama Mabegi alianza nao maisha, akibadilisha zipu za watu kwenye kibaraza cha duka lisilo lake. Sasa alikuwa na duka lake mwenyewe kwenye barabara iendayo uwanja wa ndege, mabegi ya kila saizi yamepangwa mpaka darini, naye ndiye aliyekuwa akipanda ndege kufuata mali. Hakuwa mtu wa kulilia vitu. Ila chuma kama kile hakitengenezwi tena, na kukitupa kwenye pipa lililojaa chupa za maji na losheni za watu ilikuwa hasara ya kijinga.

Alitoka nje, akaelekezwa kwa mzee mwembamba aliyekuwa akizungushia mabegi nailoni karibu na troli. Nyuma yake lilisimama kabati la chuma lenye kutu miguuni. Mzee aliutazama mkasi, kisha akalisoma jina la duka lililochapwa kwenye mkoba.

"Wewe si ndiye muuza mabegi wa pale barabarani?"

"Ndiye."

"Na hujui kupanga begi."

"Shikamoo, mzee," akasema Mama Mabegi.

"Marahaba, mwanangu."

Mzee akataja bei ya kutunza. Mama Mabegi, kwa mazoea, akaikata katikati. Mzee hakubishana. Alimrudishia mkasi mkononi taratibu, akaendelea kufunga begi la mtu mwingine. Ndege haikuwa na subira hiyo. Mama Mabegi akalipa bei ile ile ya mwanzo.

"Sasa niambie kitu kimoja cha huu mkasi ambacho mwizi hawezi kukijua," mzee akasema.

"Kitambaa chembamba unakitafuna. Unakata ngozi tu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaufunga nailoni, akauweka kabatini.

"Huandiki?"

"Karatasi inaibika pamoja na kitu. Kichwa changu bado hakijaibwa."

Kwenye ndege Mama Mabegi alijikuta akicheka peke yake. Miaka haina hesabu tangu ashindwe bei, tena na mtu ambaye hakubishana hata kwa neno moja.

Aliporudi alijibu swali la mzee, akapewa mkasi wake, na mlango wa kabati ulipokuwa wazi akatumia nafasi hiyo kuchungulia. Macho ya biashara hayalali. Kulikuwa na manukato kwenye chupa kubwa kupita zinazoruhusiwa, viberiti vya gesi, bisibisi, mikebe ya dawa ya nywele, chupa za asali, na mkoba wa ngozi uliokunjwa wenye seti nzima ya visu vya jikoni. Hata zile betri za kuchajia simu zilikuwemo, zilizochomolewa kwenye mabegi ya chini, maana hizo nazo zina ukaidi wake: chini haziendi, zinataka kukaa juu na mwenyewe.

"Niuzie vyote kwa mkupuo," akasema. "Wenyewe wameshasahau."

"Vya watu hivyo."

Kila safari alirudia, kila safari alijibiwa hivyo hivyo. Hata binti wa mzee, aliyekuwa akimletea chakula, alimwunga mkono Mama Mabegi. "Mwambie wewe, mama, labda atakusikia. Kabati limejaa shampuu, sisi nyumbani tunaoshea nywele sabuni ya kufulia."

"Nywele zako ziko tele," mzee akamjibu. "Sabuni imezifanya nini?"

Kisha uwanja ukaanza kukarabatiwa. Mzee aliruhusiwa kuendelea kufunga nailoni, lakini kabati liondoke kabla ya mafundi kufika. Likikutwa, litakwenda jalalani na vilivyomo. Nyumbani kwake palikuwa na chumba kimoja na wajukuu. Mama Mabegi alimkuta ameketi juu ya troli, hafungi chochote.

Mtu mwingine angemwonea huruma. Yeye aliona mlango umefunguka. "Nina kona dukani. Lete kabati, uje na wewe, ukae kwenye kiti chenye mgongo. Kitu kikimaliza mwaka mwenyewe hajaja, ni changu."

Mzee alifikiri mpaka abiria wawili wakakata tamaa wakaenda zao. "Akija kabla ya mwaka, hata kama umeshapata mnunuzi?"

"Anapewa. Akijibu swali lako."

"Na wewe utayajua maswali na majibu yote. Nikidondoka, vitu visibaki yatima."

Wakashikana mikono. Usiku ule Mama Mabegi alikuwa ameshaviuza visu kichwani: jirani yake mwenye bucha alivitamani tangu alipohadithiwa, na mwaka wa visu ulikuwa unaelekea ukingoni.

Kona ile ilikuwa ya mabegi makubwa, yenye faida nono, na ilimuuma kuitoa. Lakini watu waliokuja kuchukua vitu vyao hawakutoka mikono mitupu. Mzee hakumwacha mtu: "Hili begi lako zipu inacheka. Utafika na nguo zako kweli?" Wengine wakaanza kupita dukani kabla ya safari, mzee awafungulie mabegi na kuwaambia kipi kishuke chini, kipi kipande, kipi kibaki kabatini. Waliokutwa na mabegi mabovu, mabegi mapya yalikuwa hapo hapo.

Mwenye visu alikuja mchana mmoja, mzee akiwa amekwenda kula. Mtu mrefu, mpishi, ametoka safarini na vumbi lake. "Pale uwanjani wameniambia kabati limehamia huku. Niliacha visu. Kazi ilikuwa ya muda mfupi, wakaniongezea, wakaniongezea tena."

Mama Mabegi alikuwa peke yake. Mwenye bucha angefika kesho yake. Neno moja tu, havipo, lingetosha, na mzee angeambiwa mwaka umetimia. Tarehe hazikuandikwa popote. Alimtazama yule mtu kuanzia viatu mpaka kofia, akapima. Visu vinauzwa mara moja. Mtu aliyedhulumiwa husimulia kila siku, na kabati lisiloaminiwa ni chuma chakavu tu, kimekula kona yake bure.

"Niambie kitu kimoja cha hivyo visu."

"Kuna kimoja hakina ncha," mpishi akasema kwa sauti ya chini. "Niliivunja nikifungulia kopo la maziwa. Mke wangu hajui mpaka leo."

Ndilo jibu alilofundishwa na mzee. Akampa. Kisha akalinyooshea kidole begi lake lililofungwa kamba. "Na hilo unalirudisha nyumbani hivyo?" Mpishi alinunua jingine, la wastani, baada ya kuvutana bei mpaka wote wakachoka.

Mwenye bucha alinuna, akahamishia salamu zake upande wa pili wa barabara kwa muda. Mzee aliporudi kutoka kula na kusikia habari, alisema tu, "Vizuri," akafungua kabati, akavipanga upya vilivyobaki vijaze pengo.

Kwa makubaliano, vilivyomwangukia Mama Mabegi hatimaye vilikuwa losheni iliyokauka, viberiti viwili visivyowaka, na shampuu, ambayo alimpa binti wa mzee kabla hajaombwa. Kwa mapatano yale alipata hasara, na duka likapata faida. Mzee alipata feni, kiti, na mahali ambapo hakuna wa kumwambia ondoa.

Safari iliyofuata, Mama Mabegi aliuweka mkasi mezani kwa mzee. Hakutaka kusafiri nao, wala kuuacha kwa wauzaji wake, ambao huufungulia makopo.

Mzee akataja bei ya kutunza.

"Kwenye duka langu mwenyewe?" Akaikata katikati.

Mzee akauchukua mkasi, akamrudishia mkononi taratibu, akamgeukia mteja aliyefuata.

Mama Mabegi akalipa bei ile ile ya mwanzo, akaenda zake uwanjani.