Simu ya Tatu

Kila asubuhi mshonaji alikuta akaunti yake ya mtandaoni imefungwa, kwenye simu zake zote mbili. Fundi wa simu aliichunguza dukani kwake, akacheka.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama. Kuna simu ya tatu nyumbani kwako inayojaribu kuingia tena na tena kwa nywila ya zamani, ndiyo inayokufungia."

Mshonaji akasema, "Ni ya marehemu mume wangu. Tulitumia akaunti moja. Huwa naichaji, picha zetu zimo humo."

"Samahani, mama. Picha ziko kwenye akaunti. Tukiiondoa simu hiyo, hazipotei."

Fundi alipotaka kubonyeza kitufe cha kuiondoa, mama akamshika mkono taratibu. "Niachie mwenyewe, mwanangu."

Mama akabonyeza. Kisha akaketi kwenye benchi, akaanza kuzitazama picha moja moja.