Mpaka wa Mwalimu Swedi

Saa nane mchana, Shituru, mtaa wa kiwandani kaskazini ya mpaka wa Zambia. Katika darasa la Kiingereza wamo watu kumi na wanane, wote wamefungwa macho kwa vitambaa vilivyochanwa kutoka ovaroli kuukuu za kiwandani.

Mwalimu Swedi anapita na kopo la dizeli, akiwanusisha mmoja mmoja harufu ya malori. Anagonga kipande cha reli, mlio wa kizuizi cha barabarani, kisha anapiga meza kwa kisigino cha kiatu: huo ndio muhuri. Sasa wako mpakani mwa Zambia, na ofisa anawauliza kwa Kiingereza wanakwenda wapi. Gizani humo wanajibu bila kigugumizi.

Mbinu hii imezaliwa na umaskini. Swedi, mwenye miaka arobaini na saba, alikuwa na redio ya kaseti ya kufundishia. Waporaji wa mwaka 1991 waliondoka nayo, pamoja na madawati na mlango. Sasa ni 1995, na serikali haijamlipa kwa miezi thelathini na mmoja. Wazazi humletea unga wakiwa nao.

“Vitu vyote vilienda,” anasema. “Kulibakia macho ya kufunga.”

Leo hana raha. Fortunée, mwanafunzi wake bora, amerudi. Shangazi yake amemtafutia kazi kwenye zahanati moja Kitwe, ng'ambo ya mpaka, na nafasi hiyo inamsubiri hadi Jumamosi tu. Jumatatu alifika Kasumbalesa, kituo cha mpakani. Ofisa alipomuuliza swali la kwanza, maneno yakampotea. Akafanya alivyozoea: akafumba macho. Kiingereza kikaja chote, kimenyooka, lakini ofisa akaona anadhihakiwa, akamrudisha.

“Maître, na macho wazi sikuwezaka kitu,” Fortunée anamwambia mbele ya wote. “Ule muntu iko na sura. Weye haukutuambiaka kama iko na sura.”

Swedi anawaamuru wavue vitambaa, halafu anakiri alichokificha miaka mitatu: hajawahi kufika mpakani. Dizeli, reli, muhuri, yote aliyaokota kwenye maneno ya madereva.

Anamwita jirani yake Georges, aliyewahi kulinda wafungwa Buluo, akae nyuma ya meza na kumkodolea Fortunée macho. Georges hajui neno hata moja la Kiingereza. Hilo, anasema Swedi, halina neno, sura anayo; maswali atauliza Swedi mwenyewe.

Fortunée anakwama mara mbili. Mara ya tatu anajibu hadi mwisho, na macho hafumbi. Georges anapiga kisigino mezani.

“Pita, mama,” anamwambia, na darasa linacheka.

Alhamisi Fortunée ataondoka tena, na Swedi atapanda naye lori hadi Kasumbalesa. Anataka aone kwa macho yake mahali alipowafundisha watu kupita. Wanafunzi wake tisa wazuri wamekwishakwenda, na hakuna aliyeandika barua. Fortunée atakuwa wa kumi.

“Namuombea asirudi,” anasema Swedi, akikusanya vitambaa sakafuni. “Akirudi, miye nitafundisha nini tena?”