Mkwe Aliyelala Karakana

Kwanza lieleweke: Oyoo hakufukuzwa na mkewe, hakuwa na mwanamke sokoni Mwaloni, na hakumwacha mama mkwe wake afie sakafuni. Mama huyo, Bernadeta, aliishi miaka minne baada ya siku ile, akafa kwake Sengerema, kitandani, akiwa na akili zake timamu. Wanaosimulia vingine huko Kirumba, mtaani kwake, hawakuwapo, isipokuwa Modesta, na Modesta alikuwa anapita tu na ndoo yake ya maji.

Lililo kweli ni kwamba Oyoo alilala nje ya nyumba yake kwa wiki sita. Alilala karakana, juu ya magunia, katikati ya injini za mitumbwi alizokuwa akitengeneza. Chenge, fundi mwenzake, alimtania kila kukicha.

"Oyoo, huyo mchepuko wako anauza petroli? Mwambie akupake hata manukato kidogo."

"Mkwe wangu yuko nyumbani."

"Na nyumba ina vyumba vitatu."

"Ina paa moja," Oyoo alijibu, akaendelea kufungua plagi.

Alizaliwa Rorya, kwa Wajaluo wa kando ya ziwa. Alipokuwa na miaka saba alikwenda mnadani na baba yake, mzee Yeremia, kwa njia nyembamba kando ya shamba la mtama. Ghafla mzee akaiacha njia, akaingia shambani, matope mpaka magotini, na viatu vyake vya kanisani miguuni, akasimama huko akiwa ameipa njia mgongo. Akapita bibi mmoja na mzigo wa kuni, naye ameinamisha uso. Alikuwa bibi yake Oyoo, mzaa mama. Mtoto akacheka. Baba alipotoka matopeni alimzaba kibao, kisha akamweleza kwa upole kwamba yule ndiye aliyewapa mama. Mwanamume hali chakula mbele ya mkwe wake, halali kwenye nyumba anayolala yeye, wala hamgusi. Hakuna mtu anayemheshimu kuliko huyo.

Oyoo hakucheka tena. Akakua, akajifunza ufundi, akahamia Mwanza, akamwoa Hellen, Msukuma wa Sengerema aliyesomea ualimu Butimba. Hellen naye alilelewa kuwaheshimu wakwe, ila chuoni alianza kuyaweka mambo hayo pamoja na ya zamani, kama vyungu vya bibi: vizuri kuvitazama, lakini hupikii. Mama yake alipoanza kuugua kisukari, na safari za kivuko kila wiki kwenda kliniki zikamshinda, Hellen alimleta nyumbani bila kufikiri mara mbili. Siku hiyohiyo Oyoo alikunja shuka lake.

"Baba Perez, huyu ni mgonjwa," Hellen alimwambia. "Mungu gani atakuuliza habari ya paa?"

"Si Mungu, mama. Ni mimi. Nitashindwa kumtazama mtu machoni."

Perez, binti yao, alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo mchana mgonjwa aliangaliwa na jirani, Suzana. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, Oyoo alileta sato, akamtundika mlangoni, akasimama chini ya dirisha na kuupa ukuta mgongo.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje huko kwenye mafuta yako?"

"Salama. Wewe umelalaje?"

"Nimelala. Samaki wa jana alikuwa na mayai, nimekula yote."

Basi, akaenda zake. Hakuna aliyemwona mwenzake.

Asubuhi ya Jumatano moja hakujibiwa. Hellen alikuwa shuleni, na wanawake wa mtaa, Suzana akiwamo, walikuwa msibani juu ya kilima. Oyoo akabisha mara ya pili, na ya tatu. Kisha akasikia, kutoka bafuni, ndoo ya plastiki ikibiringika kwenye saruji. Baada ya hapo kimya.

Alijua ameanguka. Akakimbia kwa Suzana: kufuli. Nyumba ya pili: kufuli. Akampigia Hellen, simu ikaita ndani ya droo ya ofisini huku mwenyewe yuko darasani. Modesta akatokea na ndoo kichwani, Oyoo akamwita, "Dada, njoo mara moja!" Modesta, aliyekwisha kusikia kwamba nyumba hiyo haina amani, akadhani ni ugomvi wa ndoa, akaongeza mwendo. Baadaye alisema alimwona Oyoo anazunguka uani ameshika kichwa. Hilo ni kweli. Alizunguka robo saa nzima, na Hellen hajawahi kulificha.

Oyoo akafika mlangoni, akageuka, akarudi uani. Alimwona baba yake ndani ya mtama, ameipa njia mgongo. Alimwona vizuri, hata matope. Ndipo wazo likamjia, naye alilisimulia mara nyingi baadaye: mzee aliingia matopeni ili bibi apite salama. Je, kama bibi ndiye angetumbukia matopeni, mzee angempa mgongo?

Akachomoa khanga mbili kwenye kamba ya nguo, akaingia. Alitoka amembeba Bernadeta, amefunikwa gubigubi, akapanda naye bajaji mpaka hospitali. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika.

Hellen alifika na chaki mikononi, akamkuta mumewe amekaa chini nje ya wodi.

"Nimemgusa mama yako," Oyoo akasema.

"Umemchelewesha mama yangu," Hellen akajibu, akampita.

Ndani, Bernadeta alikuwa macho.

"Mama, ulizimia?"

"Sikuzimia."

"Hukumsikia anabisha hodi?"

"Nilimsikia. Mara zote tatu. Nilijiziba mdomo kwa mkono."

"Kwa nini, mama?"

"Angeingia."

Hellen akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa amejiandaa kumlaumu mtu mmoja, na sasa hakujua aanzie wapi. Mama yake akamshika kiganja, akafuta chaki kwa kidole.

"Usimgombeze. Amefanya kitu kigumu kuliko mimi. Mimi nilikaa tu."

Baadaye, Bernadeta alipokwisha kurudi kwao, Oyoo alipeleka mbuzi Sengerema kuomba radhi. Bernadeta alimpokea, akawatangazia majirani kuwa ni mbuzi wa shukrani. Kabla ya hapo, mpaka siku mama alipoondoka, Oyoo aliendelea kulala karakana. Ila jioni ileile ya Jumatano Hellen alikwenda huko mwenyewe, godoro kichwani, akalitandika kati ya injini, na Chenge akasogeza mbili ili lipate nafasi.

Mwaka jana Oyoo alifariki. Siku ya tatu ya msiba wanawake walikuwa wanachambua mchele, na mmoja wao, Getruda, akasogea karibu na Hellen.

"Mama Perez, pole jamani. Hivi siku ile kule bafuni, marehemu alimkuta mama yako katika hali gani?"

Hellen alijua. Mama yake alimwambia, na mumewe alimwambia, kila mmoja kwa wakati wake na kwa maneno machache.

"Hilo sisemi."

"Mimi nauliza tu, watu wanasema mengi."

"Waseme. Mimi sisemi, Getruda. Leo sisemi, na kesho sisemi."