Edah Alivyoenda Kuona Mathenge wa Redio

Na bado mnauliza ati alikuwa anatafuta nini kwa mtu wa redio. Mimi nimechoka na hiyo maneno. Mimi ndio nilimpeleka Kitale, kwa hivyo nyamazeni niwaambie.

Edah Nasambu ni fundi wa nguo hapa Kanduyi. Mimi nauza viatu vya mitumba kando ya cherehani yake. Miaka sita sasa ananunua kadi za salamu kila Ijumaa, anajaza majina mpaka nafasi inaisha, anatuma. Mathenge akianza kuzisoma kwa redio, cherehani inasimama. Halafu mwaka huu wa tisini na moja kadi zake zikaacha kusomwa. Miezi mitatu, kimya. Watu wa soko wakamchokoza ati Mathenge anafungia njugu na hizo kadi. Edah alicheka nao, lakini siku hiyo nilimuona akishona mkono wa shati vibaya mara mbili.

Tukasikia Mathenge anakuja shoo ya kilimo ya Kitale. Edah akaniambia, "Mukhisa, nataka tu nijue kama ananijua. Kama hanijui, naacha."

Sasa sauti tunaijua, sura hatuijui. Edah akaenda akasalimia jamaa mmoja wa tumbo kubwa, kumbe ni dereva. Mathenge mwenyewe alikuwa kajamaa kadogo, koti imemmeza. Edah akakauka. Nikataka kumsukuma, bana. Halafu akaanza polepole, vile anaandikanga: "Salamu ziwaendee mama yangu Bilha kule Lugulu, Wanjala wa baiskeli, Jerono wa mboga, Mukhisa wa viatu…"

"…na wote wa Kanduyi wenye wananisikia," Mathenge akamaliza. "Edah Nasambu. Kadi zimejaa magunia, dada. Zako ziko, zitasomwa."

Edah akashusha pumzi mpaka mimi nikasikia. Mathenge akamuangalia, akauliza, "Lakini mbona wewe hakuna mtu anakusalimia?"

Edah akasema watu wako na kazi nyingi.

Hapo nikakasirika, na sikuwa na mtu wa kukasirikia isipokuwa mimi. Miaka sita nimesikia jina langu kwa redio, nikajipiga kifua sokoni. Sijamrudishia hata kadi moja. Yeye hakujali, alirudi Kanduyi akiimba njia yote.

Lakini mimi najali. Wewe mwenye Edah alikusalimia, na wewe mwenye hakujui, nunua kadi. Andika: Edah Nasambu, fundi wa nguo, Kanduyi. Posta iko wazi. Peleka leo.