Siku Da Shija Alipomfukuza Mtani

Da Shija ndo mhudumu wa afya wetu hapa Mandawa, na nakwambia yule dada anajituma balaa! Wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, kakulia huko porini na mifugo, msiba wa sisi Wamwera alikuwa hajawahi kuukaa mpaka mwisho. Ila ndo yeye alikuwa anamfunga mzee Yunusi, jirani yetu, kidonda cha mguu mpaka siku mzee anakufa.

Sasa siku ya kuanua matanga, niko zangu jikoni napepeta mchele, mara anaingia bi Mwamini, mtani wa ukoo, yule ambaye kazi yake msibani ni kumwigiza marehemu. Jamani! Kavaa koti la marehemu na kofia yake, anachechemea vilevile kama yeye, anamfokea mjane aliyekaa nasi:

"We Kulthumu! Chai iko wapi? Nimekufa mimi, njaa haijafa!"

Tukawa hoi kwa kicheko. Bibi Kulthumu kajifunika khanga usoni, mabega yanatikisika. Da Shija, aliyekuwa kaja kumfariji, akaona bibi analizwa. Kwenye semina waliambiwa mfiwa asibughudhiwe, basi akaruka, akamvua bi Mwamini koti, akamsukuma mpaka nje.

"Mama mzima huna aibu? Toka!"

Hata wapishi waliacha kukoroga.

Bi Mwamini akavua na kofia, akaiweka chini. "Mtani akifukuzwa harudi." Akaondoka.

Bibi akafunua khanga. Kumbe alikuwa anacheka! Ila sasa ndo akaanza kulia kweli. "Shija mwanangu, umemtoa Yunusi wangu. Nilikuwa namwona kwa mara ya mwisho."

Weee! Da Shija kabaki na koti mkononi, hajui aliweke wapi. Akamkimbilia bi Mwamini barabarani, akapiga magoti vumbini kabisa, mwenzie hata hakugeuka. Akarudi kichwa chini.

"Nisamehe, bibi. Nilidhani unaumia. Sikukuuliza."

"Basi nionyeshe Yunusi wewe. Ukimfunga kidonda alikuwa anasemaje?"

Maskini, akajaribu. "We... we mtoto wa Kisukuma, taratibu, huo si mguu wa ng'ombe!" Sauti inatetemeka kama ya mbuzi. Tukaangua kicheko, lakini tulikuwa tunamcheka yeye, na alijua.

Bibi hakucheka. "Siyo yeye kabisa," akasema. Akachukua koti, akalinusa, akalikunja mapajani.

Da Shija akakaa chini pembeni yake, uso kauficha kwenye magoti, mpaka watu wote tukatawanyika.