Goti la Bernadina

Watu wa kwetu wakimtaja Bernadina husema huyo ni mkamwana mwenye adabu. Mimi nikisikia hivyo naondoka, maana najua adabu hiyo ilimgharimu nini.

Alikuwa akiuza nyanya gulioni Maganzo, akizibeba kwa baiskeli mwendo wa saa nzima. Mume wake yuko Rwamgasa, mashimoni, mwaka wa tatu sasa, anatafuta dhahabu ambayo hata picha yake hajatutumia. Bernadina alibaki na baba mkwe, Mzee Bujiku, na ng'ombe wake. Mimi Nelly, jirani yao, ndiye niliyemwingiza kwenye mashindano ya baiskeli. Mwaka haukuisha, akawa ananiacha mbali, tena amefunga kitenge juu ya bukta ili wazee wasipate la kusema.

Ndipo zikaja mbio za kutoka Shinyanga mjini hadi Mwadui na kurudi. Wanawake wawili wa kwanza wangepelekwa kambini Mwanza miezi sita, wafundishwe triathloni: kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mkupuo mmoja. Bernadina akaanza kujifunza kuogelea kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, akitoka humo na matope mpaka masikioni.

"Nelly, nikifika Mwanza hakuna atakayenituma maji," aliniambia.

Mzee Bujiku hakumkataza. Alisema tu, "Nenda, tutaonana." Nikadhani anaaga.

Siku ya mbio, wakati wa kurudi, dada mmoja wa Geita alikuwa ametangulia peke yake. Bernadina alikuwa wa pili, mimi wa tatu, nyuma yake kidogo. Zilikuwa zimebaki kilomita nne. Mbele yetu nikamwona Mzee Bujiku amesimama ukingoni mwa lami, fimbo mkononi, amevaa koti lake la kanisani.

Kwetu mkamwana hampiti baba mkwe akiwa juu ya baiskeli. Anashuka, anapiga magoti, anasalimia, na hainuki mpaka aruhusiwe. Bernadina akafunga breki. Akailaza baiskeli, akapiga magoti palepale kwenye lami.

Nilipowakaribia niliwasikia wakiamkiana kwa Kisukuma, mzee akimwita mwanangu.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanone. Za nyumbani?"

Za nyumbani! Asubuhi ileile walikuwa wameamka boma moja, na mzee alikunywa uji kwa mkono wa huyohuyo aliyepiga magoti.

"Nzuri, baba."

"Na ng'ombe hawajambo?"

Nikawapita. Wengine wawili nao wakawapita. Baadaye nilisimuliwa kwamba mzee aliuliza habari za ndama, za shamba, za mvua, bila haraka yoyote, ndipo akamwambia inuka. Bernadina alimaliza wa tano. Watu walimpigia makofi kuliko aliyeshinda, wakisema huyo ndiye mwanamke. Nilitamani kuwatukana wote.

Alikuja kwangu kesho yake, nikiwa nafunga begi la Mwanza. Magoti yake yalikuwa yamechubuka. Akaniuliza, "Uliniona pale chini?"

"Nilikuona."

"Ulipunguza mwendo?"

"Nilipunguza. Nilidhani utainuka."

Akanishika mkono, akanishukuru.

Nilimdanganya. Nilipoona goti lake limegusa lami nilikanyaga pedali kwa nguvu zangu zote, na nilifurahi.