Nyimbo Alizoziruka Baba

Juzi, nikimsaidia baba kuhama nyumba yetu ya Hayes, huku ughaibuni karibu na uwanja wa ndege, niliiona CD yake ya blues, zile nyimbo za majonzi. Niliigeuza kwenye mwanga wa dirishani. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Zamani, kila Jumapili alasiri, baba alipiga pasi sare zake za kazi huku akiisikiliza. Nyimbo za kodi ya nyumba na mabosi wakorofi aliziimba kwa sauti, akishindana na ndege zilizopita juu ya paa. Wimbo wa mapenzi ukianza, aliuruka.

"Hapo pamekwaruzwa, mwanangu," aliniambia, nami nikaamini. Nilipokua nilidhani aliona haya tu mbele ya binti yake, kama baba yeyote wa kwetu.

Siku zile za pasi, mama alikuwa bado Tanga, akisubiri viza.

Alasiri moja nilishika rimoti mimi. Wimbo wa mapenzi ulianza, ukaenda mpaka mwisho bila kukwama. Baba aliiacha pasi juu ya shati mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua.

"Baba, CD imepona!" nilishangilia.

Aliinua pasi, akalitazama shati.

"Imepona, mwanangu," alisema. "Sasa turudishie ule wa kodi."